Mume wangu hatoki chumbani, na naogopa kumuuliza anachowaza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na ninauza mchele na maharage sokoni. Mume wangu ana umri wa miaka 46, na kazi aliyoifanya tangu ujana wake ni udereva wa malori ya mizigo yanayotoka bandarini Dar es Salaam, yakapita hapa kwetu, Singida, Nzega na Kahama hadi mpaka wa Rusumo na kuingia Rwanda. Ninakuandikia kwa sababu jambo lililomo nyumbani mwangu limenizidi nguvu, na sehemu yake iliyo mbaya zaidi sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi.

Yalianza mwaka 2020. Sisi Tanzania hatukufungiwa majumbani kama wenzetu wa nchi jirani. Shule zilifungwa mwezi Machi na zikafunguliwa Juni, lakini masoko yaliendelea na watu walitembea. Kazi ya mume wangu, hata hivyo, ilikuwa inamvusha mpaka, na huko watu walikuwa wamefungiwa kwelikweli. Foleni ya malori Rusumo ilifika mahali ambapo madereva walilala na kuamka ndani ya vichwa vya malori, kila mmoja akisubiri kupimwa. Alipopimwa akaambiwa ana virusi, yeye ambaye hakuwa hata na kikohozi, akatenganishwa na utingo wake na kuwekwa karantini ng'ambo ya mpaka. Alikaa chumbani peke yake, chakula kikiachwa mlangoni, na lugha iliyozungumzwa nje hakuielewa. Akiwa bado huko, utingo wake, kijana wa Manyoni ambaye walikuwa wamesafiri pamoja kwa miaka, aliugua baada ya kurudi kwao, akafariki kwa shida ya kupumua. Mume wangu hakumzika. Mpaka leo, akikumbuka, husema, "Nilimuua mtoto wa watu."

Aliporudi nyumbani, majirani walikuwa wakisogeza ndoo zao anapopita bombani, na mtoto wetu wa pili akapewa jina la "mtoto wa korona" na wenzake. Mume wangu alijitenga kwa hiari yake katika chumba cha uani kwa wiki 2, lakini wiki hizo zilipokwisha hakutoka. Ilibidi nimbembeleze kula mezani na sisi. Tajiri wake akapunguza madereva. Tukakopa VICOBA, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kisha tukakopa kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, ili tulipe VICOBA, na bajaji tuliyoinunua ikachukuliwa. Mwaka 2022 alipata lori jingine, nikadhani tumevuka.

Januari 2025 ikatangazwa kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia wilaya ya Biharamulo, na njia yake inapita Nyakanazi, ndani ya wilaya hiyo hiyo. Siku hiyo alikuwa akisubiri kupakia mzigo. Akamrudishia tajiri funguo, akapanda basi, akaja nyumbani. Ugonjwa ulitangazwa kuisha mwezi Machi, lakini yeye hakurudi barabarani. Amejifungia chumbani na mapazia yameshushwa. Halali usiku, hali kitu cha maana, nguo zimempwaya, na anaosha mikono hadi ngozi imechubuka.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Alimwita mtoto wetu mkubwa, aliye kidato cha tano, akamkabidhi hati ya kiwanja chetu cha Nzuguni pamoja na saa yake ya mkononi, akamwambia amtunze mama yake. Usiku nilipomuuliza maana ya maneno hayo alijibu kwamba tutakuwa na amani zaidi yeye asipokuwepo. Kesho yake, nilipokuwa nafagia, nikakuta dawa ya kupulizia mizabibu ya shamba letu la Hombolo, ambayo siku zote hukaa stoo, imewekwa chini ya kitanda upande wake. Sikusema kitu. Niliirudisha stoo, nikaenda sokoni, na siku nzima sikujua nauza nini.

Shangazi, nikimuuliza kama anataka kujiua, je, sitakuwa nimempa wazo ambalo hakuwa nalo? Kaka yake wa Mpwapwa anasema ni uvivu. Kanisani wamemwombea, na wapo wanaosema ni roho ya mauti. Nikifikiria kumpeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, naona aibu, maana unajua jinsi mtu anavyochekwa hapa Dodoma jina lake likitajwa pamoja na Mirembe. Nimesikia pia kwamba anayejaribu kujiua hushtakiwa, kwa hiyo naogopa nikisema polisi watakuja, na nikinyamaza naogopa zaidi.

Mama wa Nkuhungu


Marahaba, mwanangu.

Barua ya namna hii haisubiri zamu yake ya kuchapishwa. Ndiyo maana nilikupigia kwa namba uliyoniachia siku ile ile niliyoisoma, na yaliyomo hapa ni yale tuliyozungumza, nikiyapanua kwa ajili ya wasomaji wengine wenye mtu wa aina hii nyumbani. Kwa ridhaa yako nimebadilisha mambo machache ili familia yako isitambulike.

Naanza na dawa ya mizabibu, kwa sababu kuirudisha stoo hakutoshi. Itoke kabisa nyumbani, leo, ipelekwe kwa mkulima mwenzenu wa Hombolo au kwa ndugu mnayemwamini, na wakati huo huo vidonge vyote vilivyobaki nyumbani vikusanywe na vitunzwe mahali ambapo wewe peke yako unapajua. Wapo watakaosema kwamba mtu aliyeamua hazuiliki, na kwamba akikosa hiki atatafuta kile. Si kweli. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi, pengine saa chache tu, na aliyevuka saa hizo bila kuwa na kitu cha kumdhuru karibu yake huwa na nafasi kubwa ya kuishi miaka mingi baadaye. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, kwa awamu, kuanzia miaka ya 1980, vifo vya kujiua nchini humo hatimaye vilipungua kwa zaidi ya nusu, ingawa umaskini na ugomvi wa nyumbani havikuwa vimekwisha. Mimi naona hiyo ni habari ambayo kila mwenye shamba la zabibu katika mkoa wetu angepaswa kuijua, kwa sababu dawa hizi tunaziweka ovyo, chini ya vitanda na juu ya makabati, kana kwamba ni mafuta ya kupikia.

La pili, asiachwe peke yake hadi atakapoonwa na daktari. Wewe huwezi kufunga biashara na kukesha kwa wakati mmoja, kwa hiyo hapa ndipo siri inapopaswa kuvunjwa. Mwambie kaka yake wa Mpwapwa kuhusu ile dawa na ile hati. Nina hakika hoja yake ya uvivu haitadumu baada ya kuyasikia hayo mawili. Na ikidumu, mwambie aje kukaa naye siku mbili aone kama mtu mvivu hukesha usiku kucha akiosha mikono hadi ikachubuka. Tafuta pia dereva mwenzake mmoja ambaye naye alikwama mpakani mwaka ule. Hata wakikaa kimya, watakuwa wamekaa na mtu anayejua walichopitia.

Sasa nije kwenye swali lako, ambalo ndilo watu wengi huniuliza wakinong'ona. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Jambo hili limechunguzwa na watafiti kwa miaka mingi, na wanachokikuta ni kwamba kuuliza hakuongezi hatari, na kwamba mara nyingi humpunguzia mtu mzigo, kwa kuwa alikuwa akilibeba wazo hilo peke yake akidhani kwamba likijulikana watu watamkimbia. Mume wako hasubiri kupewa wazo. Amegawa mali yake, amemwachia mtoto wosia, na amesema mtakuwa na amani zaidi asipokuwepo. Hizo ni ishara ambazo mhudumu yeyote wa afya ya akili angezitambua mara moja, na yeye mwenyewe amezitoa mbele yenu, huenda kwa sababu sehemu fulani ya moyo wake bado inataka mtu aulize.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Usiulize kwa maneno yanayomfundisha jibu, kama vile, "Hufikirii mambo ya kijinga, siyo?" kwa sababu atakachojibu ni hapana, na mlango utakuwa umefungwa. Chagua wakati ambao watoto hawapo, kaa karibu naye, useme ulichokiona kabla ya kuuliza. Unaweza kusema, "Baba watoto, nimeona umempa mtoto hati ya kiwanja. Nimeona dawa ya shamba chini ya kitanda. Uliniambia tutakuwa na amani usipokuwepo. Je, unafikiria kujiua?" Sema neno lenyewe, usilizungukie. Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu kuliko unavyoweza kuvumilia.

Akisema ndiyo, usipige kelele na usimhubirie. Usimwambie awafikirie watoto, maana huenda anawafikiria mchana na usiku na akili yake iliyougua imemshawishi kwamba yeye ndiye mzigo wao. Neno hilo litamwongezea hatia tu. Muulize kama amepanga namna na wakati, kwa sababu jibu lake litakuonyesha kama mnaondoka sasa hivi au mnaweza kusubiri kukuche. Mwambie, "Nashukuru umeniambia. Sikuachi peke yako katika hili, na tunakwenda hospitali pamoja." Akikuomba uapie kwamba hutamwambia mtu, usiape, mwambie kwa upole kwamba siri nyingine zote utamtunzia, isipokuwa ile inayoweza kumwua. Akisema hapana, usimwite mwongo, lakini mpeleke hospitali vilevile, kwa sababu hali ya kutokula, kutolala na kujifungia kwa miezi kadhaa inatosha yenyewe kumfikisha kwa daktari.

Kuhusu kama huu ni ugonjwa, mimi si daktari na sitampima mtu kwa barua, ila unayoyaeleza yanafanana sana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, na huko kuosha mikono kupita kiasi ni jambo la kumtajia daktari kwa jina lake. Mumeo hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona matatizo ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25. Vifo vya kujiua havikufuata mstari huo. Takwimu zilizokusanywa kutoka nchi 21, nyingi zikiwa zenye kipato kikubwa, hazikuonyesha kuongezeka kwa vifo hivyo katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2020, wakati watu wengi walikuwa wamefungiwa. Japani vilipungua kwanza, kisha vikapanda kuanzia katikati ya mwaka huo, hasa kwa wanawake na vijana. Ninachokisoma mimi katika hayo ni kwamba kufungiwa peke yake hakumwui mtu moja kwa moja, na kwamba hatari inaweza kuja nyuma, wakati taifa limeshasahau, misaada imekwisha, na aliyepoteza kazi amebaki na madeni yake. Dharura ya korona ilitangazwa kuisha duniani tarehe 5 Mei 2023. Hakuna aliyekwenda Nkuhungu kumtangazia mumeo kwamba na ya kwake imekwisha.

Nakuomba uliangalie kwa makini lile la utingo, kwa sababu naona ndilo kiini. Mumeo alipitia mambo mawili ambayo mila zetu hazikutuandaa kuyapokea kwa pamoja: aliambiwa kwamba pumzi yake ni hatari kwa wenzake, na akazuiwa kwenda msibani kwa mtu aliyekula naye sahani moja. Aliyefiwa kwetu hukaa na watu, husikia habari za ugonjwa wa marehemu zikisimuliwa mara kwa mara, hushika koleo, hutupia udongo, na kwa njia hiyo kifo hukubalika polepole. Yeye alipewa habari kwa simu akiwa amefungiwa chumbani ugenini, na simulizi pekee aliyokuwa nayo ni ile aliyoitunga mwenyewe, ambayo ndani yake muuaji ni yeye.

Simulizi hiyo ina kasoro, na mtu anayeaminika anaweza kumwonyesha. Virusi vya korona huweza kuambukizwa na mtu asiye na dalili yoyote, na anayeugua huanza kuambukiza wengine siku kama 2 kabla ya kuhisi chochote, huku dalili zikiweza kuchelewa hadi siku 14 tangu kuambukizwa. Watu wawili waliokaa katika kichwa kimoja cha lori, wakala hoteli zile zile za njiani na kusimama kwenye mizani zile zile pamoja na mamia ya madereva wengine, hakuna daktari anayeweza kusema nani alimwambukiza nani. Inawezekana kijana ndiye aliyemwambukiza mumeo. Inawezekana pia kijana alipata maradhi baada ya kuachana naye, kwa kuwa hujaniandikia kwamba kuna aliyempima. Usimwambie haya kama unayeshinda kesi. Mwambie kidogo kidogo, na mwambie zaidi ya mara moja, kwa sababu hatia ya namna hii haitoki kwa hoja moja. Na Marburg, ambayo ndiyo iliyoliamsha jeraha, huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa aliyekufa kwayo, au vitu vilivyochafuliwa nayo. Lori linalopita Nyakanazi haliwezi kuibeba kama vumbi na kuileta Dodoma.

Baadaye, atakapokuwa ameanza matibabu na daktari akaona yuko tayari, ningependa aende Manyoni kuwahani wazazi wa yule kijana. Hajawahani tangu mwaka 2020, na nadhani hilo linamla kuliko madeni. Lakini asiende sasa, asiende peke yake, na familia ile iulizwe kwanza kama iko tayari kumpokea, maana nao wana jeraha lao na hatujui wanalisimulia vipi.

Nikirudi kwenye suala la kanisa, sina ugomvi na maombi, na mchungaji anayemjua mumeo anaweza kuwa msaada mkubwa akikubali kukaa naye zamu. Ninachokataa ni maombi yanayoahirisha hospitali, na zaidi ninakataa mtu mwenye sonona kuambiwa ana roho ya mauti, kwa sababu ataliamini hilo kuliko anavyoamini kwamba atapona. Mwombe mchungaji awasindikize. Akikataa, tafuta mwingine.

Mirembe, sasa. Nimeishi mji huu muda wa kutosha kuisikia dhihaka hiyo shuleni, kwenye daladala na hata ofisini, na sidhani kwamba itaisha kesho. Lakini angalia mambo yalivyo: hiyo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ambayo watu huuza mifugo ili wapate nauli ya kuwaleta ndugu zao kutoka mikoa ya mbali, na wewe uko umbali wa daladala. Wengi wanaotibiwa huko hawalazwi. Huja kliniki, huzungumza na daktari, huchukua dawa, hurudi nyumbani. Ikiwa jina hilo bado linawatisha, anzeni katika hospitali ya rufaa ya mkoa, ile tunayoiita General, au Hospitali ya Benjamin Mkapa, mkaulizie huduma za afya ya akili. Hali ikichafuka usiku, msichague hospitali. Nendeni kitengo cha dharura kilicho karibu zaidi. Ipo pia namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo wengi tuliizoea wakati wa korona na ambayo hupigwa bila malipo. Fedha zikiwa kikwazo, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini kabla hamjaamua kurudi nyumbani.

Hofu yako ya polisi ina chanzo chake, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kuwaza kufa, kumwambia mkeo unawaza kufa, na kumwambia daktari hivyo hivyo si kosa katika sheria yoyote, na mtu anayepelekwa kutibiwa sonona hahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya kuombea matibabu. Kwa maoni yangu kifungu hicho hakimlindi mtu, kinawaficha tu wagonjwa kama mumeo. Ghana walibadilisha sheria yao mwaka 2023, na Mahakama Kuu ya Kenya ikakitamka kifungu kama hicho kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Hapa kwetu mjadala huo haupaswi kuchelewesha safari yako ya hospitali hata kwa saa moja.

Madeni niyataje kwa kifupi: yaandike yote katika karatasi moja, pamoja na wale wa kausha damu, na mumeo asiwe ndiye anayepokea simu zao kwa sasa. Mkopeshaji asiye na leseni anavunja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kwa hiyo anayewatishia aombwe kwanza aonyeshe leseni yake. Mengine ya fedha yanaweza kusubiri.

Kuna mtu mmoja ambaye hukuuliza habari zake, naye ni mtoto wako wa kidato cha tano. Kijana huyo amepewa hati na saa na akaambiwa amtunze mama yake, na hata kama hajasema kitu, watoto wa umri wake huelewa. Usimwache awe mlinzi wa siri ya baba yake. Mchukue pembeni, umwambie kwamba baba anaumwa, kwamba ugonjwa wenyewe ndio unaomfanya azungumze hivyo, kwamba watu wazima wamejua na wanashughulika, na kwamba akimsikia baba akisema tena maneno ya kuondoka anapaswa kukuambia mara moja, hata usiku wa manane. Hati irudi mikononi mwako bila kelele. Mdogo wake aliyeitwa mtoto wa korona naye aulizwe, siku moja mkiwa mnachambua mchele, jinsi jina hilo lilivyoishia. Pengine limekwisha zamani, pengine bado yupo anayelitumia. Na wewe mwenyewe usilibebe hili hadi uanguke sokoni. Mchague mwanamke mmoja unayemwamini, umweleze yote, hasa siku ile uliyokuta dawa, na ukifika hospitali waombe wakusikilize na wewe.

Siku ya kwenda, andika katika karatasi tangu lini halali, tangu lini hali, anaosha mikono mara ngapi kwa siku, maneno aliyomwambia mtoto na mahali ulipoikuta dawa, umpe daktari karatasi hiyo kabla hajaanza kuuliza, kwa sababu wanaume wengi wakiulizwa mbele ya kaka zao hujibu kwamba wanaumwa kichwa tu. Mwombe daktari aonane na mumeo peke yake kwanza. Akiandikiwa dawa za sonona, mjue kwamba huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonyesha kazi yake, na kwamba katika wiki hizo bado anahitaji kuangaliwa. Dawa zitunze wewe, umpe dozi ya siku hiyo tu, na asiziache kwa sababu ameamka siku moja akijisikia vizuri. Mwambieni daktari kwamba ni dereva wa lori, maana baadhi ya dawa hizo huleta usingizi, na yeye ndiye atakayesema ni lini anaweza kushika usukani tena.